Meza ya Yusta

Mimi nina mdomo. Hata mama, kule Mgololo, husema nilizaliwa nikiongea. Kwa hiyo msinishangae.

Shuleni kwetu Iringa, ukimaliza kidato cha pili unachagua sayansi au arts, halafu unabeba kiti na meza yako mwenyewe hadi darasa jipya. Ukishaiweka, mwalimu anakuandika humo, basi; kushuka kutoka sayansi kuja arts wanaruhusu, kupanda hakuna. Sayansi wanakaa jengo la juu, karibu na maabara. Arts tunakaa chini, karibu na jiko, tunanukia moshi na maharage. Mimi sikuwa na cha kufikiria. Fizikia na mimi hatusalimiani.

Tatizo lilikuwa Yusta.

Yusta tulilala naye dabodeka moja tangu kidato cha kwanza, yeye chini, mimi juu. Kwao ni wafugaji, walihamia Usangu kutoka Usukumani, huko ndani ukishapita Chimala. Mwaka mmoja ndama wao walikufa karibu wote, na bwana mifugo hakufika. Tangu hapo Yusta anataka kuwa daktari wa mifugo. Na akili anazo, jamani! Kemia anaifanya huku anasinzia.

Lakini watu anawaogopa. Wasichana walimcheka kwa Kiswahili chake, nikawatolea uvivu mpaka wakakoma. Basi akanishika sketi. Nikienda bafuni yumo, nikienda kanisani yumo. Sasa ananiambia, "Happy, mimi nakuja arts. Ukikaa chini, na mimi nakaa chini."

"We una wazimu? Ng'ombe wa baba yako utawatibu kwa Historia?"

Akacheka tu. "Tutaona mbele ya safari."

Nikaenda kwa Madam Evarista, mwalimu wa ushauri. Alikuwa ameshatuambia wote ukumbini: msichague somo kwa sababu ya rafiki, rafiki hatakufanyia mtihani. Akamwita Yusta, wakaongea. Yusta akaitikia "ndiyo madam, ndiyo madam", akatoka na msimamo wake uleule.

"Nimeshamshauri, Happy," madam akaniambia. "Siwezi kumbebea meza."

Siku ya kuhama ikafika, baridi ya kukata masikio, sote uwanjani na meza vichwani. Mimi nikatangulia kuweka yangu. Kugeuka, namwona Yusta anakuja huku chini, anatabasamu. Nilipata hasira, nisiwadanganye, na hofu pia. Akivuka ule mlango, ndoto yake ya kutibu ng'ombe imeisha, na sababu ni mimi.

Nikasimama mlangoni. Kuna jambo nililijua peke yangu. Kidato cha kwanza, kwa ile baridi na woga wa ugeni, Yusta alikuwa anakojoa kitandani. Tulikuwa tunaamka kabla ya kengele, mimi na yeye, tunafua mashuka kimyakimya. Niliapa sitasema.

"Wewe kikojozi!" nikapayuka. "Rudi huko juu! Nimechoka kufua mashuka yako, sasa unataka kuja kuninukia mikojo na darasani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Yusta hakulia. Aliishusha meza, akaishika pembeni kwa muda, akajitwika tena, akapanda kule juu. Mimi nikaingia ndani, nikakaa, nikamwambia Catherine aliyekuwa bado anacheka afunge bakuli lake.

Jioni ile Yusta alihama bweni. Hakunisemesha tena. Jina lile likamganda, wakamwita Kikojozi mpaka kwenye foleni ya chakula. Nilipigana na wawili kwa ajili yake, nikapewa adhabu ya kufyeka. Na yeye akawa wa kwanza kemia, wa kwanza baiolojia. Madam akamsimamisha mbele ya paredi, akasema huyu ndiye aliyesikia ushauri. Nikapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Nilitamani kumkimbilia nikamwambie ukweli. Lakini namjua Yusta. Ningemwambia mapema, angebeba meza akarudi chini. Nikavumilia mpaka tulipofika kidato cha nne na masomo yetu ya mtihani wa taifa yakasajiliwa, hakuna tena kubadilisha.

Siku hiyohiyo nikamfuata bombani.

"Yusta, nilisema vile ili uende sayansi. Mungu ni shahidi, sikuwahi kukuchoka."

Alikuwa anakinga maji. Akafunga bomba kwanza.

"Najua," akasema. "Nilijua kabla sijafika kule juu."

Nikataka kumkumbatia. Akarudi nyuma.

"Lakini Happy, wewe una maneno mengi. Siku ile yote ulikuwa nayo. Mbona ulichagua lile?"

Mimi huyu, mwenye mdomo, nikainama nimsaidie kujitwika ndoo. Akajitwika mwenyewe, akapanda kule juu.