Tente Kindu

…na hii si treni, hii ni kabila zima linahama, Bagula anajiambia, mikono kwenye usukani, kizuizi cha reli kimemshukia mbele ya pua hapa Okolona tangu Nuhu anakata mbao za safina, na mabehewa yanapita tu, kichwa kimeshafika Columbus kinakunywa kahawa na mkia bado unafunga kamba za viatu Tennessee, bon, usimbishie Bagula habari za treni, Louisville nzima hakuna anayezijua kama yeye, hata wale wazee wazungu pale kando ya fensi, na viti vyao vya kukunja na kamera zenye midomo mirefu kama bomba, wakimwona wanampungia mkono, wazee wa ajabu, mtu mzima na kitambi chake analilia masini, lakini leo wana haki, vichwa vitatu vya dizeli vimepita vimefungwa pamoja, kila kimoja na ukoo wake, cha mbele cheusi kinang'aa kama kiatu cha pasta, cha katikati cha njano, cha kuazima, na cha nyuma kile cha bluu, kikongwe, kinakohoa moshi, jina la kampuni iliyokufa zamani linachungulia chini ya kutu, na wazee wote wakasimama, mmoja akavua kofia kama jeneza la mama yake linapita… "Marcellin anauliza tutafika lini Buffalo," anasema Nzigire, mke wake, kwenye kiti cha pembeni, macho kwenye simu, "harusi iko karibu, na vitenge njo vinaisha kule Grant Street, unasikia, Papa Séphora?"… nasikia, anasema, hasikii, Papa Séphora, zamani alikuwa Papa Elie, mwanaume anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, hiyo ni sheria kuliko sheria za Amerika zote, lakini tangu Elie apotelee huko Columbus, Nzigire amelikunja lile jina akaliweka mahali, siku moja tu Bagula aliamka akawa baba wa binti mdogo… na nani kaharibu, Marcellin kaharibu, alicheka mpaka ugali ukamtoka puani, pale mgahawani Grant Street, mbele za watu, Elie kamuuliza kwa heshima kama mjomba wake, tonton, ni kweli Papa aliendesha treni ya Kindu kule Kongo, kwa sababu Elie alikulia kando ya viti vya wale wazee, anajua kichwa kwa mngurumo tu, na wazee wote aliwaambia, na shuleni alisimama mbele ya darasa akasema babangu alikuwa dereva, akipiga honi tembo wanaacha njia, na Marcellin, mtu wa Kindu mwenyewe, akajibu, "Huyu? Dereva? Huyu aliuza karanga kwenye madirisha, beseni kichwani, treni ikiondoka anakimbia nayo anadai karanga zake," meza yote ikacheka, Bagula naye akacheka, afanye nini, si uongo ule, ni kuongeza chumvi, kila mtu anaongeza, huyo Marcellin anajiita supavaiza na ufagio uko mkononi, lakini Elie hakucheka, alimwangalia babake tu, kama mtu aliyeegemea ukuta akakuta ni pazia, halafu akarudi Columbus, halafu namba haipatikani, halafu mwaka, na sasa Nzigire akisikia kijana wa Kikongo amekutwa amekufa popote Amerika anaacha kupumua mpaka jina litajwe… behewa la mafuta, la mafuta, la mahindi, yote yamechafuliwa na vijana wa rangi za kupuliza, majina ambayo hata shetani akivaa miwani hayasomi, na halafu lile, behewa kuukuu la kahawia, mlango umeliwa na kutu, linakuja polepole kama limeagizwa kwake, herufi nyeupe ndefu kuliko mtu, TENTE KINDU, na Bagula anasoma tena kama mtoto wa la kwanza, te-nte, ki-ndu, damu yote imeshuka kwenye breki, kwa sababu nje ya nyumba yake hakuna dunia nzima anayelijua neno hilo, Marcellin hajui, ni la kule kambini kwa wakimbizi, chini ya turubai, mtoto akikataa kulala Bagula alimpakata akawa treni, magoti ndiyo magurudumu, twende-Kindu, twende-Kindu, twende-Kindu, na yule mdogo, meno mawili tu, hakuiweza twende, alisema tente, tente Kindu, mpaka usingizi umkamate… na chini ya herufi kimechorwa kichwa cha treni, cha bluu, na dirishani dereva, masikio kama madishi ya televisheni, masikio hayo Bagula anayaosha kila asubuhi, mkono uko kwenye honi, na kichwani, mahali pa kofia, beseni, beseni ya karanga, Mungu wangu, dereva na beseni, vyote viwili, hakufuta hata kimoja, na rangi bado mbichi, jua halijaigusa, donc yuko hai, yuko hai na ana mikono, na limepita, limeshapita, au ameota, hapana, yule mzee aliyevua kofia ameinua kamera, amelikamata, limo mle ndani, limetoka wapi, limepita vizuizi vingapi likitafuta masikio haya… "Wee, mbona umenyamaza, unagonjwa?" Nzigire anasema, haangalii, maana Bagula hajawahi kunyamaza, alizaliwa anaongea, mkunga alimwambia asubiri zamu yake, na sasa anatafuta chumvi ya kuongeza, hata punje moja, hakuna, hii haiongezeki, kizuizi kiko chini, taa nyekundu zinapokezana, mabehewa yanapita, magurudumu yanagonga kwenye maungio ya reli, twende, twende, na kinywa kinafunguka chenyewe, "tente Kindu," anasema, sauti ya mtu mwingine, na mkono wa Nzigire wenye simu unashuka taratibu hadi mapajani, na mabehewa bado yanapita, na anamgeukia, uso mzima. "Papa Elie," anasema, "umeona nini."