Kilo Arobaini na Moja

Mpimaji alifika dampo saa mbili asubuhi na mizani, kamba ya kupimia, na fomu yenye safu nne: chupa, mifuko, ndoo, mengineyo. Halmashauri ilitaka kujua plastiki ya jiji imekula ardhi kiasi gani, na mwakani itahitaji nyingine kiasi gani. Ardhi ya mwakani ilishaamuliwa: makaburi ya jirani yalikuwa yanahamishwa.

Siku hiyo wachimbaji walifikia mstari wa makaburi ya waokota chupa. Kwingine walitoa mifupa. Hapa walitoa watu kumi na wanane, wazima kama walivyozikwa. Wa tatu alikuwa baba yake mpimaji, aliyekufa miaka tisa nyuma. Sanda ilikuwa imeoza, kwa hiyo walimfunika turubai.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Umekonda.”

“Mbona hukuoza?”

“Udongo ulijaribu,” alisema, akijifuta macho. “Miaka miwili ulihangaika na mimi. Ukachoka, ukaniacha.”

Mpimaji alimgusa mkono. Ulilia kama chupa tupu ikibonyezwa. Miaka thelathini mzee huyo alikuwa amechemsha chai kwa moto wa mifuko, akala amekaa juu ya mifuko, akavuta moshi wake. Mizani ilisema kilo arobaini na moja.

Msimamizi alipitia hesabu. “Wote kumi na wanane waingie kwenye mengineyo.”

“Huyu ni baba yangu.”

“Pole, dada. Basi yeye muache. Ila jumla itapungua, na wakubwa wataniuliza.”

Mpimaji alishika kalamu asiandike. Baba yake ndiye aliyemgusa bega.

“Niandike tu. Sijawahi kuandikwa popote.”

Akamwandika. Arobaini na moja, safu ya mengineyo.

Kumi na saba hawakuwa na ndugu pale. Walipelekwa dampo kwa toroli, na mmoja wao akauliza kama zamu imeshaanza. Baba alitembea na binti yake hadi nyumbani. Mama alimtazama kidogo, akamsogezea kiti, akamuuliza kama ana njaa. Alisema hasikii njaa, ila angependa kukaa karibu na dirisha.

Ripoti ilipita bila swali. Jumatatu lori la kwanza lilirudi nyuma taratibu mpaka kwenye shimo alimotoka baba, likamwaga.