Shoka la Mama Okello

Tusidanganyane, nyumba ile ya mtaa wa Langas, Eldoret, ilikuwa gofu. Mabati yameliwa na kutu, sakafu imebonyea, na jikoni mbuzi wa jirani walikuwa wamehamia na kuzaa humo. Benta alipoinunua, washonaji wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Akawaacha wacheke. Mume wake, George, alikuwa amekufa, na yeye alikuwa amechoka kulea watoto wawili kwenye chumba kimoja cha kupanga kule Huruma, ambako hata watoto wakicheka landilodi anagonga ukuta.

Basi akaanza. Alishona yunifomu za shule, na kila shule zikifunguliwa akatengeneza kitu. Paa kwanza, maana mvua ya Eldoret haina adabu. Kisha sakafu, simiti akikoroga mwenyewe na fundi wake Nicanor, ambaye mwanzoni alikuwa akimuuliza mwenye nyumba atakuja lini. Wee! Aliacha kuuliza. Yakafuata madirisha, plasta, na rangi ya kijani ambayo hakuna aliyeipenda isipokuwa Benta.

Maneno yalitoka Siaya, kwao George. Okumu, kaka mkubwa wa George, alipiga simu kusema hilo haliwezi kuwa boma. Kwa Waluo mtu haingii boma jipya hivi hivi tu na magodoro yake. Mwanamume hubeba shoka, mwana wa kwanza hubeba jogoo, mke hubeba moto, na mzee wa ukoo anawaongoza. Mjane ajianzishie boma, tena mjini? Auze hiyo nyumba, arudi nyumbani ajengewe, na atafutiwe mwanamume wa kumsimamia. Akikataa, watoto wake wasihesabiwe kwenye shamba la baba yao.

Hapo ndipo alipomshika pabaya. Shamba lile lilikuwa haki ya watoto, na Benta alilia kwa uchungu na hasira. Halafu akapanguza uso, akaenda kutafuta jogoo.

Jumamosi ya kuhama, Okumu alifika kabla yao, akasimama mlangoni kifua mbele huku majirani wakitazama. Pikapu ikasimama. Okello, mwana wa Benta, alishuka amekumbatia jogoo, dadake Bridgit akashuka na jiko lenye makaa ya moto waliyotoka nayo Huruma, na Benta mwenyewe akashuka na shoka begani. Alikuwa anaogopa, lakini hakupunguza mwendo.

Okumu alimuuliza ni wapi aliwahi kuona mwanamke akibeba hilo shoka. Benta alilinyanyua, akalipiga ardhini karibu kabisa na miguu ya shemeji yake, likasimama hapo. Majirani wakaguna.

"Mama Okello," Okumu akasema, sauti sasa imeshuka, "na siku ukifa, utazikwa wapi?"

"Shemeji, nikifa mtabishana na maiti. Shamba la watoto tutaonana kortini. Lakini mimi mzima, kwangu ni hapa." Akalichukua lile jiko mikononi mwa Bridgit. "Sasa toka mlangoni, makaa yanapoa."

Okumu akaangalia makaa, akamwangalia shemeji yake, akasogea.