Jirani Ndiye Huulizwa

Tangu filamu ya Hamoud itoke, Nasima hakubakiwa na mwanafunzi hata mmoja. Sebule yake ya Michenzani, iliyokuwa ikirindima kila alasiri kwa watoto wanaosoma Kurani, ilibaki na mikeka mitupu, naye akiikung'uta kana kwamba kuna vumbi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hamoud alikaa mlango wa pili, na ndiye aliyempeleka Nasima hospitali kwa gari yake mwaka ule alipofiwa na binti yake, Khawla. Nasima alikuwa akisikia mtoto anamwita, naye anaitika, "Naam, mwanangu," na kumpakulia chakula. Aliugua, akatibiwa, akapata nafuu. Dawa anakunywa mpaka leo. Hamoud akayaweka yote kichwani, na wala si kwa huruma. Akatengeneza filamu ya kutisha: mama aliyefiwa anaitika, "Naam, mwanangu," na kila akiitika, jirani mmoja anachinjwa. Mji mzima ukaitazama kwenye simu. Mama wa wanafunzi hawakugombana na Nasima. Walisema tu watoto wana mafua. Mafua gani hayo yasiyopona?

"Na yeye atauonja uchungu huu," Nasima alijiapia.

Siku ikaja kwa miguu yake. Bi Mwatum alibisha hodi alasiri moja, buibui limenyooshwa pasi. Sami, mtoto wa Hamoud, alikuwa amemposa mjukuu wa bibi huyo, Nadhira. Kwetu mtu haozi bila kuulizia, na jirani ndiye huulizwa. Akificha kasoro, dhambi ni yake.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu. Tumesikia Sami alipata kuugua kichwa. N'nakuuliza wewe, mlango kwa mlango. Ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Nasima na Sami walikuwa wakikaa benchi moja kliniki kusubiri dawa, na baada ya filamu ni kijana huyo tu aliyeendelea kumwamkia. Hata hivyo moyo wa Nasima ulifurahi, furaha mbaya, na hakuifukuza.

"Ikiwa kweli, mtafanyaje?"

"Tutavunja. Filamu si tumeiona? Wanaanza kwa kuitika, wanamaliza kwa kisu."

Aliyasema hayo usoni pa Nasima, bila haya.

"Basi njoo kesho alasiri," Nasima akasema. "Hamoud atakuwepo. Mtaalamu ndiye yeye."

Asubuhi, habari zilipomfika, Hamoud alikuja mwenyewe, sauti ya chini. "N'nakuomba, Nasima. Mwambie Bi Mwatum kuwa Sami hana ugonjwa."

"Nidanganye kwenye posa?"

"Mtoto wangu hana kosa."

"Na mimi kosa langu lilikuwa lipi?"

Nasima akamwambia aje alasiri, Bi Mwatum akiwepo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Alasiri Nasima aliweka sinia la nanasi katikati ya mkeka, na kisu kirefu. Alipokishika tu, Hamoud akairudisha miguu nyuma. Bi Mwatum akaona.

"Unaogopa filamu yako mwenyewe?" Nasima alicheka, akakiweka kisu chini. "Haya, mjibu Bi Mwatum. Mtu aliyeugua kama mimi, huchinja watu?"

Jasho lilimtoka Hamoud. Akisema ndiyo, mwanawe haoi.

"La," akanong'ona.

"Sijasikia."

"La! Kisu nilikizua mimi. Nasima hakumgusa mtu. Alikuwa akilia tu, hata kula hawezi. Na Sami wangu alikuwa vivyo hivyo."

"Toa simu. Jirekodi uwaambie mama wa wanafunzi wangu. Sasa hivi."

Alijirekodi. Mara ya kwanza alisema "huenda nilikosea", Nasima akamrudisha mwanzo. Alihakikisha imetumwa.

"Na kijana, wewe wasemaje?" Bi Mwatum akamuuliza Nasima.

Nasima alilisogeza sinia taratibu. Hamoud alimkodolea macho, midomo imemkauka, naye akamwacha akauke vizuri.

"Sami ni mgonjwa anayekunywa dawa zake, kama mimi," akasema mwishowe. "Ningekuwa na binti hai, ningemwoza."

Bi Mwatum aliinamisha kichwa, akaikubali posa. Hamoud akaanza kulia, akimshukuru. Nasima alimsukumia kisu, mpini mbele.

"Nanasi kata wewe," akamwambia. "Mimi sijakusamehe, mkono wangu usije ukaponyoka."