Chumba cha Mama Mkwe

Khaemba alikuwa fundi seremala wa mabehewa katika karakana ya reli mjini Nakuru, na ole wako umwambie kuna kazi ya mbao asiyoiweza. Angekucheka mbele ya watu. Mwaka ule wa 1957 mkewe, Nekoye, alimpa kazi ya siku kumi na mbili.

Nekoye alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na safari hii alikuwa na ombi moja tu: mama yake awepo. Mama angepanda treni Bungoma na kufika Jumamosi. Sawa, lakini angelala wapi? Kwa Wabukusu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, hata mvua ya mawe inyeshe.

"Nitamjengea chumba bustanini," Khaemba akasema, kana kwamba anazungumzia kigoda.

Alifyeka sukuma wiki nyuma ya kota yao, hatua moja tu kutoka ukutani ili kuukwepa upepo. Akalaza magogo mawili marefu ya mkaratusi juu ya mawe, maana mtu wa mabehewa hajui kuanza kitu bila chasisi. Juu yake akapiga sakafu ya mbao za makreti. Kila jioni alitoka kazini akanyoosha misumari mikuukuu kwa nyundo, mmoja mmoja, hadi vidole vikavimba. Kuta tatu zikasimama. Mbao zikaisha.

Hapo ndipo ujanja ulipomponza. Khaemba alizaliwa kwenye kota za reli, na desturi za kwao alizijua kwa kusikia tu. Akautazama ukuta wa nyumba yake, akaona ukuta mzima umesimama pale bure. Basi akairefusha sakafu hadi pale kwa vipande vilivyobaki, akayaingiza mabati chini ya paa la nyumba na kuyapigilia misumari. Mlango wake peke yake, dirisha lake peke yake, nini tena? Akajisifu mwenyewe, kwani wa kumsifu hakuwepo.

Jumamosi asubuhi mama mkwe akafika, mwavuli mkononi, kuku kikapuni. Khaemba alisimama mbali akatazama kando, kama adabu inavyotaka. Mama akakikagua kile chumba. Akayafuata mabati kwa macho mpaka yalipopotelea chini ya paa la nyumba. Kisha akaketi juu ya mzigo wake katikati ya bustani na kufungua mwavuli.

Nekoye akamjia mumewe. "Mama anasema hiyo ni paa moja. Anarudi na treni ya saa kumi na mbili."

"Paa moja aje? Si kuna ukuta?"

"Ukuta gani, Khaemba? Huo ndio tumewekea kitanda! Unataka mama yangu alale amekuegemea mgongo?"

Khaemba alitamani ardhi immeze. Lakini aibu haikumuuma kama yale macho ya Nekoye, macho ya mtu anayejiandaa kupoteza mtoto wa tatu. Akatoka mbio mpaka kwa Masinde, nyapara wake karakanani.

Masinde alikuja, akaona, akashika mbavu kwa kicheko. "Bwana, wewe umejenga behewa ukalifunga kwa stesheni! Haya, tulifungue."

Akaita wanaume watano. Wakakata mabati na sakafu kwa msumeno, wakatia miti ya mviringo chini ya yale magogo, kila mmoja akashika mtaimbo. "Harambee!" Masinde akaita, nao wakaitikia, "Hee!" Chumba kikalia, kikatikisika, kikasogea. Hatua moja. Tatu. Kufikia saa tisa kilikuwa hatua saba kutoka nyumbani, upande mmoja ukiwa wazi kabisa, na maduka ya mbao yalikuwa yamefungwa.

Khaemba akaingia nyumbani kwake, akaitoa meza ya mvule aliyoitengeneza mwaka aliooa. Wageni wote walikuwa wakiipapasa. Akaibomoa kwa mikono yake, kisha makabati, kisha benchi. Ukuta wa nne ukasimama, sehemu yake moja iking'aa kwa vanishi.

Mama mkwe akainuka. Akapita katikati ya chumba na nyumba, mikono kaitandaza pande zote mbili, asiguse kitu. Akarudi tena vivyo hivyo.

"Nafasi iko," akamwambia Nekoye, akambeba kuku wake, akaingia. Treni ya saa kumi na mbili ilipiga filimbi na kuondoka bila yeye.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, Nekoye alishikwa na uchungu akajifungia mle na mama yake. Khaemba alisimama bustanini akiutazama ua, masikio yote nyuma. Alisikia kilio cha mkewe, kisha kimya. Kimya hicho alikijua.

Mlango ukafunguka. Nyayo zikamkaribia, zikasimama mbali kidogo nyuma yake. Hakugeuka, kwa maana haifai.

"Mkwe," sauti ya mama ikasema, "ni msichana. Alichelewa kulia, sasa ananyonya. Mama yake mzima."

Machozi yalimbubujika Khaemba hadi kidevuni, na akaishukuru sana desturi iliyomkataza kugeuka.