Kigoda cha Miaka Mia

Jua lilikuwa halijapanda vizuri, na tayari Melania alikuwa ameshavigeuza vigoda mara mbili. Vilikuwa vitatu, vimelala kifudifudi kwenye uchaga juu ya jiko, vikipigwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe kama sato wa kubanika. Nje, mumewe Valerian alikuwa akisugua cha nne kwa majani ya msasa aliyoyachuma mwenyewe, maana karatasi ya msasa ilikuwa haijaonekana madukani tangu mwaka juzi, na hata ingeonekana ingekuwa ya wenye vibali.

"Samli imebaki kiasi gani?" aliuliza.

"Ya kupaka kigoda kimoja," Melania alijibu kutoka ndani, akikohoa. "Au ya kuungia mlenda siku mbili. Chagua, Baba Tereza."

Valerian alichagua kigoda. Mwaka ule wa 1984, katika vyumba vyao viwili pale mtaani Kambarage, vigoda vilikula samli kuliko watoto, na kila alipopaka aliona aibu, lakini aliendelea kupaka.

Si kwamba alizaliwa laghai. Baba yake kule Ushirombo alichonga vigoda vya watu kukalia, vyeupe, vinanukia mti, na mtu alikuja kukichukua chake akakikalia palepale kukijaribu. Valerian alikuja Shinyanga na ujuzi huohuo na tezo lilelile la baba yake. Wageni waliopita mjini kwenda kuyaona magofu ya mgodi wa zamani kule Geita walisimama kwenye turubai lake, wakavigusa vigoda, wakavinusa, wakavirudisha chini. Mmoja alikisogeza kwa ncha ya kiatu.

"Hawataki kipya," Sabiti alimwambia. Sabiti alikuwa mtu wa mjini, mjukuu wa mtu wa Pwani, dalali wa kila kitu; leo kokoto za dhahabu za Nyarugusu, kesho ngozi ya nyati. "Mzungu anataka halisi, mwana. Kipya hakina dili."

"Halisi ni ipi? Hiki si nimekichonga kwa mikono yangu?"

"Halisi ni kilichokaliwa na marehemu."

Basi wakawapata marehemu. Moshi wiki tatu, kinyesi, masizi ya chungu, samli, kisha Melania alikikalia kigoda kila jioni akimenya viazi, ili kipate ung'avu wa makalio. Wiki mbili zilizopita alikuja mzungu mrefu mwenye kofia ya turubai, akapiga magoti mbele ya kigoda kana kwamba yuko kanisani, akauliza watemi wangapi, wale machifu wa zamani, walikikalia. Sabiti hakupepesa jicho. Alisema watatu. Mzungu alitaka karatasi, ili wa kwao wamwamini, na Sabiti akaiandika: kigoda cha mtemi, umri miaka mia na ushee. Aliyetia sahihi ni Valerian, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na mapadri. Sabiti yeye hakusaini kitu. Mtu mjanja hasaini.

Mgambo wawili waliingia uani bila kubisha hodi.

"Shikamoo mzee," alisema yule mkubwa. "Wewe ndiye Valerian mchonga vigoda?"

"Marahaba. Ndiye."

"Unatakiwa ofisi ya vibali. Sasa hivi."

"Kuna nini?"

"Sisi tumeambiwa tukulete. Tungeambiwa sababu tungekuwa wakubwa."

Melania alitoka jikoni na kitambaa mkononi. Wote wawili walikuwa wakimfikiria Ansgar, jirani wa nyumba ya tatu, aliyefuatwa namna hiyohiyo mwaka jana kwa ajili ya miche sita ya sabuni. Waliomfuata walisema atarudi jioni. Mkewe bado alikuwa akimwekea ugali. Valerian aliogopa, aliogopa hasa, hata akakosea kuvaa kandambili zake.

Ofisini alisimamishwa mlangoni hadi saa nne. Mtu wa vibali aliitwa Zamoyoni, kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza, shati la mikono mifupi lenye kalamu tatu mfukoni. Hakumwamkia. Mezani, kati ya mafaili, kilikaa kile kigoda.

"Unakijua hiki?"

"Nakijua, mheshimiwa."

"Kimekamatwa uwanja wa ndege Mwanza, kwenye begi la mgeni. Na karatasi hii. Sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi umeuza mali ya taifa. Kitu cha miaka mia ni urithi wa wananchi, mzee. Unajua ni miaka mingapi ndani?"

"Mheshimiwa, hicho si cha kale. Nimekichonga mwezi wa tatu, mwaka huu."

Zamoyoni alicheka. Alikiinamia kigoda, akakinusa, akapitisha kidole kwenye ung'avu wa kiti. "Mimi nimesomea vitu hivi. Hii ni harufu ya miaka."

"Ni harufu ya jiko la mke wangu."

Mpiga chapa aliyekuwa pembeni aliinamisha kichwa akazuia kicheko. Zamoyoni hakupenda. Akaegemea kiti, akaanza kusema polepole, na upole huo ulimtisha Valerian kuliko makelele.

"Sikiliza. Kama ni cha kale, wewe ni mhujumu uchumi, nakupeleka kwa wenzako. Kama ni kipya, umemlaghai mgeni ukaipaka nchi matope. Hilo nalo lina kifungu chake. Sasa nikuandikie lipi?"

Valerian alitazama mikono yake. Miaka hamsini na moja hakuna mtu aliyewahi kumwita mwongo mbele za watu. Kwao, mwongo hapewi hata kazi ya kuchimba kaburi.

"Niandikie uongo," alisema.

"Uongo nao unathibitishwa. Chonga kingine hapa uani. Kabla ofisi haijafungwa nione viwili sawasawa, nisijue kipi ni kipi. Ukishindwa, kitabaki cha kale, na wewe utabaki na mgambo."

Mgambo mmoja alitumwa Kambarage. Melania alikuja na tezo, visu, gogo lililokwisha kutolewa umbo, debe la kinyesi kibichi, gunia la kikavu, majani ya msasa, masizi kwenye kopo, na ile samli ya mwisho. Alimwamkia kila mtu pale uani, hata mfagizi, kama mtu aliyefika msibani.

Saa tano Valerian alipiga tezo la kwanza. Kazi ya siku nne ilitakiwa iishe kwa saa tano. Alitoboa kati ya miguu mitatu, akapunguza, akachuna, vipande vyeupe vikiruka hadi kwenye viatu vya makarani waliotoka kutazama. Jasho lilimwingia machoni. Melania alisugua mguu mmoja kwa majani huku mumewe akichonga wa pili.

"Taratibu, utakipasua," alimnong'oneza.

"Nikienda taratibu nitalala ndani."

Saa nane aliukuta ufa mdogo kwenye mguu wa tatu. Alichukua nta ya nyuki aliyokuwa nayo mfukoni, akaichanganya na unga wa mti, akauziba kwa kidole gumba. Melania aliwasha kinyesi kikavu ndani ya debe bovu, akakilaza kigoda juu yake, akafunika kwa gunia. Moshi ulijaa uani, makarani wakafunga madirisha. Kisha masizi, kisha kinyesi kibichi, kisha kitambaa, kisha tena, hadi mikono yake mama yule ikawa haina rangi ya mtu.

Saa tisa na nusu walimpelekea. Zamoyoni aliviweka viwili mezani, akafumba macho, akamwambia mpiga chapa avibadilishe nafasi. Alifumbua. Alivigeuza, akavinusa, akavipima kwa mkono. Halafu alimwambia mpiga chapa atoke, akafunga mlango.

"Hakika wewe ni mwongo," alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Mwongo wa kweli. Hiki cha kushoto ndicho cha leo?"

"Cha kulia, mheshimiwa."

Zamoyoni alitikisa kichwa, akaichukua ile karatasi yenye sahihi, akaitia ndani ya faili, faili akalitia kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo.

"Tumeelewana. Faili hili halitakwenda popote. Litakaa hapa. Wewe kila mwezi utaniletea viwili. Turubai lako pale barabarani ulikunje. Wageni watakuja ofisini, wapate na kibali chenye mhuri. Mtu akiwa na mhuri hapekuliwi."

"Na sisi tutakula nini?" Melania aliuliza. Ndilo neno lake la kwanza mle chumbani.

"Mama, mumeo analala kwako leo. Hujashiba?"

Nje mtu alikuwa akifagia vipande vya mti uani. Valerian alijiona anavyokunja turubai, anavyochonga kwa miaka, mwongo wa bure, mwongo wa serikali.

"Hiki cha leo kina unyevu bado," Zamoyoni aliendelea. "Kikaushe, kipake vizuri, ukirudishe sasa hivi. Kesho kutwa wapo wageni wanapita kwenda Geita."

Walirudi uani. Moshi ulikuwa umekwisha, debe limepoa. Valerian aliketi chini, akakipakata kigoda kichwa chini mapajani, akachukua kisu kidogo. Melania alidhani anasawazisha mguu. Kisha aliona ncha ya kisu ikienda pale katikati, chini ya kiti, panapokutana miguu mitatu, ikiandika kwa mwandiko wa mapadri, mistari myembamba kama unywele: KAMBARAGE 1984.

Alimtazama mumewe usoni. "Akiona?"

"Akiona ndiyo basi."

"Na asipoona?"

"Mzungu huosha vitu vyake," Valerian alisema. "Kuna siku atakiosha."

Melania alitazama dirisha la ofisi, akatazama geti walipokaa mgambo. Angeweza kumnyang'anya kisu, na baadaye maishani alijiuliza mara nyingi kwa nini hakufanya hivyo. Alichovya kidole ndani ya kopo, akajaza masizi kwenye herufi moja baada ya nyingine, akapaka kinyesi juu yake, na mwisho akamalizia samli yote, akikwangua chombo chake kwa ukucha.

Zamoyoni alikuwa ameshachomeka karatasi kwenye taipu. Alikipokea kigoda, akakigeuza. Mkono wake ulipita chini ya kiti, ukafika katikati, ukasimama. Vidole vilirudi nyuma, vikapapasa tena. Valerian alilitazama tundu la ufunguo kwenye mtoto wa meza. Melania alishika ukingo wa kitenge chake kwa mikono miwili.

"Hata mikwaruzo umeitia," Zamoyoni alisema. Akafuta masizi kwenye leso yake. "Mzee, wewe ni fundi."

Akapiga taipu kwa vidole viwili. Kigoda cha mtemi. Hapo akainua uso.

"Umri tuandike mingapi?"

"Wewe ndiye uliyesomea, mheshimiwa."

Zamoyoni aliandika miaka mia na ishirini. Alipumulia mhuri, akaugandamiza, kisha akatia sahihi na kuandika jina lake lote kwa herufi kubwa, lisomeke. Safari hii karatasi haikuwa na jina la Valerian. Melania alichukua debe lake, na wote wawili wakatoka kabla geti halijafungwa.