Valvu Nane za Mireku

Kwa miaka ishirini na mmoja Opoku Mireku alibeba abiria kati ya Kumasi na Tamale, na hakuwahi kuiona injini yake kwa ndani. Kila ikiharibika, mafundi walimwambia akatafute chakula, arudi jioni. Naye alikwenda. Kwa hiyo gari lilipoanza kukohoa na kuishiwa nguvu milimani, akalipeleka kwenye karakana za Suame, hapo Kumasi, kwa fundi mwanamke aliyeitwa Nyantakyiwaa, huku akijua kabisa atafukuzwa tena.

Nyantakyiwaa akamsogezea kreti la soda.

"Kaa hapa, mjomba. Gari ni lako, utaogopaje matumbo yake?"

Akafungua kifuniko cha juu, akatoa roka, vile vyuma vinavyobonyeza valvu, kisha akachomoa pushirodi, fito zinazozisukuma, moja moja na kuzichomeka kwenye boksi la karatasi alilolitoboa matundu yenye namba. Mireku akauliza kwa nini asizirundike tu pamoja, maana zote zilifanana. Fundi akamweleza kwamba kila moja imelika sawasawa na mwenzake inayogusana nayo, ukizichanganya hazitaelewana.

Silinda hedi, kile kichwa cha injini, ilipoinuliwa, Mireku akasogea. Valvu nane, mbili kwa kila silinda, zilikaa katika vyumba vyeusi kwa masizi. Moja ilikuwa imeungua ukingoni, pengo dogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Hilo tu ndilo lililokuwa likiwashusha watu wazima saba wasukume gari.

Ile iliyoungua ilibadilishwa. Nyantakyiwaa akapaka dawa ya kusagia kwenye ukingo wa valvu mpya, akampa Mireku kijiti chenye mpira wa kunasa valvu. Akamwagiza asokote kwa viganja, kulia na kushoto, bila kukandamiza. Mireku alisokota mpaka mabega yakamuuma, hadi ukingoni ukatokea mviringo wa kijivu, laini, usiokatika popote. Fundi akafunga valvu zote, akamimina petroli nyuma yake kuona kama zinaziba. Wakangoja. Halikuvuja hata tone.

"Unajua kila moja hufunguka mara ngapi ukienda Tamale?" akauliza.

Mireku akakisia elfu kumi.

Nyantakyiwaa akachukua chaki, akapiga hesabu sakafuni: mizunguko ya injini kwa dakika, igawe kwa mbili, zidisha kwa dakika za saa saba. Ilizidi nusu milioni. Safari moja.

Mireku alivua kofia bila kujijua. Safari zote zile alikuwa akitafuna mbegu za kola na kubishana habari za mpira, na chini ya miguu yake vyuma hivi vilikuwa vikifunguka na kufungika motoni, bila kukosea zamu.

"Na mimi nilikuwa nalitukana," akasema taratibu.

"Wote mnatukana," fundi akajibu, akikaza bolti kuanzia katikati kwenda nje.

Alipopima nafasi za valvu kwa kibati chembamba kama kadi, alimwita Mireku ashike kila roka, ahisi inavyocheza kidogo tu. Injini ikawaka kwa mguso wa kwanza, ikatulia.

Kesho yake, Kintampo, njiani kwenda Tamale, abiria walipoteremka kununua viazi vikuu vya kukaanga, Mireku aliiacha injini ikinguruma, akafungua boneti na kuinama pale muda mrefu. Mama mmoja akaja na wasiwasi, akauliza kimeharibika nini tena.

"Hakuna, mama," Mireku akasema. "Njoo usikilize."

Mama akainama naye.